Datsun 240Z ya Safari: mafundi wanatafuta wapi piesi za motere yenye haitengenezwe tena?

Bodi ya motokari ya zamani inaweza kunyooshwa kwa nyundo, na rangi inapatikana kwa wauzaji wengi. Lakini motere ya rali ya miaka ya 1970 haiko tena dukani. Kwa wale wenye wanatengeneza upya Datsun 240Z ili iingie katika mashindano ya motokari za zamani kule Kenya, kazi inaanza na kutafuta chuma. Na mara nyingi chuma hicho kinapatikana kwa mutu mwenye anakumbuka ni motokari gani ingine ilikuwa nacho.

Mwaka wa 1970, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari ya Afrika ya Mashariki wakiwa ndani ya Datsun 1600 SSS, motokari ya familia yenye milango mine. Mwaka wenye ulifuata, watu hao wawili walishinda tena, lakini ndani ya motokari ya namna ingine kabisa: Datsun 240Z, yenye milango miwili na kapo ndefu, yenye ilitengenezwa kwa ajili ya mbio.

Kwa watu wenye walisimama kando ya barabara, hizo zilikuwa motokari mbili tofauti. Kwa fundi mwenye alifungua kapo, hadithi ilikuwa ingine. Motere ya 1600 ilikuwa na silindri ine, kila moja na upana wa milimita 83, na pistoni ilikuwa inapanda na kushuka milimita 73,7. Motere ya 240Z ilikuwa na silindri sita, na upana wa kila silindri ulikuwa milimita 83, na mwendo wa pistoni ulikuwa milimita 73,7. Kwa maneno mengine, Wajapani walichukua ile motere ndogo na kuiongezea silindri mbili.

Leo, zaidi ya miaka 50 kisha ushindi ule, hesabu hiyo ndiyo inaokoa wengi wenye wanataka kusikia tena sauti ya 240Z kwenye vumbi ya Afrika ya Mashariki.

Safari yenye haikuisha

Safari ilianza mwaka wa 1953, kwa kukumbuka siku Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza alivikwa taji. Motokari zilikuwa zinapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kisha, ikakuwa mashindano ya siku za Pasaka, yenye kujulikana katika dunia yote kwa sababu ya vumbi, mawe na matope yake. Motokari nyingi zilikuwa zinaanza, lakini chache tu ndizo zilikuwa zinafika mwisho.

Jina la Datsun lilipandwa katika Safari ile. Kisha Herrmann, ikakuja zamu ya Shekhar Mehta, mutoto wa Kampala mwenye familia yake ilikimbilia Kenya wakati Idi Amin alifukuza Wahindi mwaka wa 1972. Mwaka wa 1973, Mehta na Lofty Drews walimaliza Safari na 240Z, wakiwa na pointi sawa na Datsun ingine ya Harry Källström. Walipewa ushindi kwa sababu walisafiri kilometa nyingi zaidi kabla ya kupata pointi ya kwanza ya azabu. Mehta alishinda tena mara ine mufululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, kila mara ndani ya Datsun.

Safari ya dunia iliondoka Kenya kisha mwaka wa 2002, na ikarudi mwaka wa 2021. Lakini katikati, mwaka wa 2003, kulianzishwa mashindano ingine kwa ajili ya motokari za zamani tu: East African Safari Classic Rally. Ford Escort, Porsche 911 na Datsun zilirudi barabarani. Mwaka wa 2011, Björn Waldegård wa Sweden, mwenye alikuwa ameshinda Safari ya kweli mara ine, alishinda hiyo ya zamani ndani ya Porsche 911, na mutoto wake Mathias akiwa kando yake.

Motokari hizo haziko za kuonyeshwa tu. Zinakimbia siku nyingi, kilometa elfu na elfu, kwenye barabara zenye zinavunja hata motokari mupya. Motere yenye kurekebishwa kwa haraka inaweza kuwaka vizuri katika garaji, na kukufa siku ya pili katikati ya pori, fasi hakuna mutu wa kusaidia. Ni kwa sababu hiyo kutafuta piesi nzuri ni zaidi ya nusu ya kazi.

Motere moja, jamaa kubwa

Datsun ni jina lenye kampuni ya Nissan ilikuwa inatumia zamani ili kuuzisha motokari zake katika inchi za inje. Nissan ilitengeneza jamaa nzima ya motere zenye herufi L. Hesabu yenye inafuata herufi hiyo inaonyesha ukubwa: L16 ni litre 1,6, L24 ni litre 2,4, L26 ni litre 2,6, na L28 ni litre 2,8.

Zote zinafanana kwa umbo. Bloki ni ya chuma kizito. Kulasi, ile sehemu yenye inafunika silindri kwa juu, ni ya aliminiamu. Chuma kimoja chenye kulala juu ya kulasi kinafungua supapi, na kinazungushwa na sheni. Kila silindri iko na supapi mbili.

Datsun 240Z ilitoka kiwandani na L24. Wakati 260Z ilifika, Nissan ilibakiza pistoni za milimita 83, lakini ikaongeza mwendo wake hadi milimita 79: hiyo ni L26. Kwa 280Z, mwendo ulibaki ule wa 79, lakini silindri ikapanuliwa hadi milimita 86: hiyo ni L28. Vilbrekeni, kile chuma kizito cha chini chenye pistoni zinazungusha, inaweza kutoka ndani ya moja na kuingia ndani ya ingine. Kulasi vilevile: matundu ya buloni iko fasi moja.

Na jamaa hiyo haikubaki ndani ya motokari za mbio. L28 iliwekwa pia ndani ya Nissan Patrol fulani za miaka ya 1980, jina lenye linajulikana vizuri kwenye barabara za mashariki ya Kongo. Motere za silindri ine za jamaa hiyo ziliwekwa ndani ya motokari za familia kama 160J na 180B, na ndani ya vipikapu fulani vya Datsun vyenye vilikuwa vinabeba viazi, ndizi na watu katika Afrika nzima. Bieli ya L16 na bieli ya L24 ziko na urefu mumoja: milimita 133. Na vile vyuma vidogo vyenye vinasukuma supapi ni vya namna moja kwa motere ya silindri ine na ile ya silindri sita.

Basi mutu mwenye anatafuta piesi ya 240Z hapaswe kutafuta 240Z peke yake. Anaweza kutafuta motokari ya mwalimu muzee yenye kusimama nyuma ya nyumba, ama pikapu yenye kuku wanalala ndani. Wenye mali wanajua bei ya 240Z. Wenye kujua jamaa ya motere L wanajua fasi zingine kumi za kubisha mulango.

Namba ndogo yenye inaongeza bei

Kabla ya kutoa feza, jambo la kwanza ni kusoma chuma. Kwenye bloki ya motere L, upande wa kuume, karibu na kulasi na kuelekea nyuma, kuko fasi moja laini yenye kupigwa herufi na namba: L24, kisha namba ya motere. Ndani ya kapo ya 240Z, kuko pia kibati kidogo cha kiwanda chenye kinaandika namba ya shasi na namba ya motere yenye ilitoka nayo. Kama namba ya kibati na namba ya bloki zinafanana, motokari ingali na motere yake ya kuzaliwa. Kwa wakusanyaji wa motokari za zamani, jambo hilo dogo linapandisha bei sana.

Na fasi yenye kuko bei, uongo unafika pia. Namba inaweza kusuguliwa na kupigwa upya. Kibati kinaweza kutolewa kwa motokari moja na kufungwa kwa ingine. Mafundi wenye kuzoea wanaangalia kama fasi ile laini ingali na mistari ya mashini ya kiwanda, kama namba ziko kwenye mustari mumoja, na kama kutu ya fasi ile inafanana na kutu ya bloki nzima. Chuma cha miaka 50 chenye kungaa fasi moja tu, tena fasi ya namba, kinaleta maulizo.

Kulasi nayo iko na alama yake. Kulasi za 240Z za kwanza ziliandikwa E31. Zenye zilifuata ziliandikwa E88. Ile ya L28 ya 280Z za kwanza iliandikwa N42. Alama hizo zinasomeka bila kufungua motere. Muuzaji mwenye anasema ana kulasi ya 1970, lakini picha yake inaonyesha N42, ama hajue kitu chenye anauzisha, ama anajua sana.

Tofauti kati ya kulasi hizo inaweza kuharibu motere nzima. Chumba cha kuwakia moto ndani ya E31 ni kidogo. Mutu akiifunga juu ya bloki ya L28 yenye pistoni bapa, hewa inabanwa kupita kiasi. Motere inaanza kugonga, na kwa esansi ya kiwango cha chini, pistoni zinatoboka. Piesi zinaingia, buloni zinafunga, lakini kazi ni ya bure.

Kutoka Nairobi hadi Sharjah

Kwa wafanyabiashara wa Butembo, Goma ao Bukavu, barabara ya piesi inajulikana: Kampala, Nairobi, Dubai, na leo China. Wenye wanatafuta piesi za motokari ya zamani wanapita barabara ileile, lakini wanaingia katika vichochoro vyake vya nyuma.

Kule Kampala, soko la Kisekka linajulikana kwa piesi za motokari zenye zilikwisha kutumiwa. Kule Nairobi, barabara ya Kirinyaga, yenye wazee wangali wanaiita Grogan, iko na maduka ya piesi yenye kufuatana mulango kwa mulango. Katika fasi kama hizo, piesi za Toyota za leo zinajaa. Lakini piesi ya Datsun ya 1972 haiwekwe kwenye dirisha. Iko nyuma, ndani ya sanduku yenye hakuna mutu alifungua tangu miaka kumi, na ni muzee mwenye duka tu ndiye anajua kama iko. Mununuzi mwenye anaingia na kusema tu "240Z" anajibiwa kama haiko. Yule mwenye anaomba bieli ya 160J anaweza kuipata.

Kule Sharjah, kando ya Dubai, kuko soko kubwa la motere na piesi zenye zilitolewa katika motokari zenye kuvunjwa. Nissan Patrol zilipendwa sana katika inchi za Ghuba, na kwa hiyo L28 iliweza kufika huko kwa njia ya jangwa, si kwa njia ya mbio.

Lakini gala kubwa zaidi ya Datsun Z iko Marekani. Nissan ilitengeneza zaidi ya nusu milioni ya motokari za namna hiyo, tangu 240Z hadi 280Z, na sehemu kubwa iliuzishwa kule. Australia nayo iko na Datsun nyingi, na zinaendeshwa na usukani wa kuume kama zile za Kenya. Japani iko na piesi za mbio zenye hazikuuzishwa kamwe inje. Afrika ya Kusini, fasi Datsun zilikuwa zinaunganishwa karibu na Pretoria, nayo ingali na bloki na kulasi za zamani katika magaraji.

Kununua kwa mbali kuko na hatari yake. Bloki ya silindri sita ni muzigo mukubwa, na bei ya kuisafirisha na kuitoa kwenye forodha inaweza kupita bei ya bloki yenyewe. Kurudisha ni kama haiwezekane. Kwa hiyo wenye kuzoea wanaomba picha nyingi: namba ya bloki, alama ya kulasi, ukuta wa kila silindri, na karatasi yenye tarehe ya siku ile kando ya piesi, ili kuhakikisha kama piesi iko kweli mukononi mwa muuzaji. Muuzaji mwenye anakataa kupiga picha hizo anajibu maulizo yote bila kusema neno.

Kupima kabla ya kushangilia

Piesi ikifika, kazi ya pili inaanza. Chuma cha zamani kinaweza kuwa kizuri kwa macho na kibaya ndani.

Kulasi ya aliminiamu inaogopa moto kuliko kitu kingine. Motere ikichemuka mara moja tu sana, kulasi inapindika. Fundi anaweka juu yake chuma chenye kunyooka kabisa na kupima fasi yenye mwanga unapita. Kisha anatafuta nyufa kati ya supapi, kwa maji ya rangi yenye yanaingia ndani ya ufa na kuuonyesha. Anapima pia unene. Kulasi ya L ilitoka kiwandani na unene wa karibu milimita 108. Kila mara yenye inasawazishwa kwa mashini, unene unapunguka. Na ikipunguka, kile chuma cha supapi kinashuka karibu na vilbrekeni, sheni inalegea, na saa ya kufungua supapi inachelewa. Kulasi yenye ilisawazishwa mara tatu na mafundi watatu wenye hawakujuana inaweza kuwa imefika mwisho.

Chuma cha supapi nacho kinasumbua. Katika motere L za kwanza, mafuta yanakinyunyizia kupitia kamupira kembamba ka chuma kenye matundu madogo. Matundu hayo yakizibwa na uchafu, chuma kinakauka na kulika, na motere inapoteza nguvu pole pole bila kutoa sauti kubwa. Kuangalia matundu hayo kunachukua dakika tano. Kutafuta chuma kingine kunaweza kuchukua miezi.

Kwa bloki, jambo kubwa ni ukuta wa silindri. Kila mara yenye motere inachakaa, fundi anaichonga kidogo na kuweka pistoni kubwa zaidi. Lakini ukuta unabaki mwembamba. Kwa bloki zenye zinataka kuchongwa sana, mafundi wa mbio wanapima unene kwa mashini yenye inatuma sauti ndani ya chuma na kusikiliza inavyorudi, sawa vile daktari anaangalia mutoto katika tumbo la mama. Bloki mbili zenye namba za kufuatana zinaweza kuwa na kuta tofauti, kwa sababu chuma kilimiminwa kwa mukono wa zamani, na muchanga wa kiwandani haukukaa fasi moja kila siku.

Tena kuko swali la hewa. Nairobi iko juu ya metre 1.700, na Goma na Bukavu ziko karibu metre 1.500. Juu hivyo, hewa ni nyepesi, na motere ya karburateri inapoteza sehemu ya nguvu yake. Fundi anapaswa kupunguza esansi, kwa kubadilisha vile vitundu vidogo vya shaba ndani ya karburateri. Motere yenye ilitayarishwa vizuri pembeni ya bahari, Mombasa, inaweza kufuka moshi mweusi ikifika milimani.

Kufuata sheria ama kufuata nguvu

Katika kazi hiyo yote, kuko mutego mumoja wenye unapendeza. Nissan ilitengeneza pia motere ya mazuti ya silindri sita, LD28, yenye iliwekwa ndani ya motokari kama Laurel. Vilbrekeni yake ni ya jamaa ileile, lakini mwendo wake ni milimita 83. Mafundi wa Marekani na Australia waligundua zamani kama inaweza kuingia ndani ya bloki ya L28. Pua yake ya mbele haifanane sawasawa, inaomba kurekebishwa. Lakini kama bloki inapanuliwa hadi milimita 89, motere inakuwa ya litre 3,1. Motokari yenye ilitoka kiwandani na litre 2,4 inapata nguvu yenye Herrmann na Mehta hawakuwa nayo.

Shida ni kama mashindano ya zamani haipime nguvu tu. Inapima ukweli. Shirikisho la kimataifa la motokari, FIA, liko na kitabu cha sheria kwa motokari za historia, Appendix K, na linatoa pasiporti ya ufundi kwa kila motokari. Wazo lake kubwa ni kama motokari inapaswa kuwa sawa vile ilikuwa katika wakati wake: ukubwa wa motere, namna ya karburateri, kulasi, vyote. Motere ya litre 3,1 ndani ya 240Z inaweza kushangilisha watu siku ya Mungu, lakini haifanane na motokari ya 1971.

Kila mashindano iko na sheria zake, na zingine zinaachilia mambo mengi. Ndiyo maana mafundi wenye hekima wanasoma kwanza sheria, kisha wanatafuta piesi. Wale wenye wanafanya kinyume wanajikuta mara nyingi na motere nzuri sana, yenye haina fasi ya kukimbilia.

Wakati piesi haiko tena kabisa

Kuko piesi zenye hazipatikane hata kama mutu anazunguka dunia. Hapo kunabaki njia mbili: kutengeneza upya ile ya zamani, ama kuzaa ingine.

Motere L ilikuwa na bahati. Ilitengenezwa kwa wingi sana na kwa miaka mingi, na kwa hiyo viwanda fulani vingali vinatengeneza vifaa vya kuziba mafuta na maji, segma, sheni na pampu za maji. Karburateri za Weber, zenye zilipendwa kwa mbio, zingali zinatengenezwa. Pistoni mupya zinaweza kuagizwa kwa kipimo chochote, kama mununuzi anatuma namba sawasawa. Kosa la nusu milimita katika namba hiyo linalipwa na mununuzi, si na kiwanda.

Kwa motokari zenye zilitengenezwa chache, hali ni ngumu zaidi. Porsche 959 ni mufano: zilitengenezwa chini ya 300. Mwaka wa 2018, Porsche yenyewe ilitangaza kama inatengeneza kipande kimoja cha ambreyaji yake kwa mashini yenye inajenga chuma kidogo kidogo kutoka unga wa chuma, kwa kuwa kuanzisha tena kiwanda kwa vipande vichache kulikuwa na bei kubwa mno. Njia hiyo inaanza kufikia pia magaraji ya motokari za zamani. Lakini mashini hiyo inaomba kitu kimoja kwanza: piesi ya kweli ya kupima, hata kama imevunjika. Fasi hakuna hata kipande kimoja cha kuiga, hakuna mashini ya kusaidia.

Chuma kinayeyushwa, wazee wanakwenda

Hapo ndipo hatari iko. Kila mwaka, chuma cha zamani kinakusanywa katika miji ya Afrika ya Mashariki na ya Kati, kinapimwa kwa kilo na kupelekwa kuyeyushwa. Kwa mununuzi wa chuma, bloki ya L24 na muguu wa kitanda ni kitu kimoja. Pikapu ya Datsun yenye ilikaa miaka 20 chini ya muembe inaweza kupotea asubuhi moja, na pamoja nayo bieli, vyuma vya supapi na vitu vingine vyenye vingeweza kuokoa motokari ya Safari.

Kunapotea pia kitu chenye hakipimwe kwa kilo. Mafundi wenye walifanya kazi kwenye Datsun wakati zingali mupya ni wazee leo. Wanajua kwa kugusa tu kama bieli ni ya L16 ao ya L20. Wanajua kama kulasi fulani ilikuwa inapasuka fasi gani. Wengi hawakuandika kitu. Vijana wenye walijifunza kazi kwa motokari za kompyuta wanajua kusoma makosa kwenye kioo, lakini karburateri tatu zenye zinapaswa kuvuta hewa sawasawa zinaomba sikio, na sikio halinunuliwe Dubai.

Kule Japani, Nissan yenyewe ilifika kwenye swali hilo. Ile 240Z yenye ilishinda Safari mwaka wa 1971, yenye namba 11, ilibaki mali ya kampuni, lakini miaka iliipita nayo. Mwaka wa 2013, kikundi cha wafanyakazi wa Nissan wenye wanatengeneza motokari za zamani za kampuni kwa kujitolea waliifungua, wakairekebisha, na ikatembea tena. Kwa wale vijana wa kikundi hicho, motere hiyo ilikuwa na umri kuliko wao.

Katika garaji ndogo ya Nairobi, Kampala ao Goma, hakuna kampuni nyuma ya fundi. Kuko feza kidogo, simu yenye picha, na majina ya watu wawili watatu wenye wanaweza kukumbuka. Ndiyo maana wenye kazi hiyo wanashauri jambo moja rahisi kwa kila mutu mwenye iko na Datsun ya zamani nyuma ya nyumba: kabla ya kuita mununuzi wa chuma, afungue kapo, afute vumbi upande wa kuume wa bloki, na asome. Kama herufi ya kwanza ni L, pengine kuko mutu, inchi ingine, mwenye anaitafuta bloki hiyo tangu miaka mitatu.